Jani Halioti

Aikande alichomeka jani la isale kwenye kitasa
akaondoka bila kubisha.
Nililikuta saa moja usiku nikitoka Memorial,
vidole vinanuka belo,
mashati ya watu wa mbali, na mfuko mmoja
una tiketi ya treni ya mji nisioujua.

Isale. Kwetu jani hilo likishafika mlangoni
huulizi tena kosa.
Hata damu imwagike, watu wazima hulipokea, wakanyamaza.
Mimi nililitia kwenye chupa ya maji, dirishani,
nikaliambia: kaa hapo kwanza.

Maana siku kumi na moja mama alilala KCMC
na siku kumi na moja simu ya Aikande haikupatikana.
Aikande, niliyegawana naye godoro la inchi sita kule Pasua,
aliyenivua gauni nililolala nalo siku tatu
Gadiel aliponiacha,
akaniosha kichwa kwa maji ya ndoo, akisema,
"Analia nani hapa? Povu hilo."

Wodini niliitwa binti mwenye moyo wa chuma.
Chuma nacho hushika kutu, hilo hawakulisema.
Nilikuwa napiga mswaki nimeegemea ukuta
nisianguke.

Wiki ya pili jani likaanza umanjano.
Nikamuuliza kijana auzaye miche, barabara ya Kibosho,
mizizi itatoka lini.
Akacheka, udongo mpaka viwikoni.
"Dada, jani halioti. Leta kipande cha shina."

Usiku huo nikapiga.
Alipokea kabla haijaita mara ya pili.
Salamu hazikuwepo.
"Ile wodi, Ndeoya. Kile kitanda cha mlangoni.
Dada yangu alifia pale.
Nilifika getini mara nne.
Mara ya nne nina uji wa mama kwenye chupa ya chai.
Nikakaa ukingoni mwa mfereji
nikaunywa wote, wa moto vilevile."

Miaka mitano chumba kimoja
na sikuwahi kumuuliza dada yake alilazwa wapi.

Sikusema nimekusamehe.
Neno lilikuwa pana, koo jembamba.
Nikasema, "Jumamosi mama anataka kusukwa.
Mkono wangu anausema ni mzito."
Kimya. Kisha pua ikavutwa.
"Povu hilo," nikasema.

Alikuja na kitana, mafuta kayasahau.
Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi,
wala hakuna aliyeuulizia.
Mama alisinzia katikati ya mistari, kichwa magotini pake,
nasi tukabaki tunaongea chini chini
bei ya belo, kodi, matope ya Pasua,
kila kitu isipokuwa kile.

Jani bado liko dirishani, limekunjamana.
Sijalitupa.
Shina tutalitafuta.