Msoma Mita

Alikuja Gerezani akiisukuma,
Exaveri Ndimbo, shati limechomekewa, penseli sikioni,
na pikipiki ya mwaka sabini na nane
iliyonyamaza siku mafuriko ya Jangwani
yalipoinywesha maji hadi kwenye kabureta.

"Fundi, itie umeme.
Lakini asijue mtu."

Nikacheka. Mwinjuma akacheka, spana mkononi.
Yeye akaanza kunitajia visivyoguswa:
tangi, na bonyeo lake la kushoto
(mbwa wa Upanga, mwaka themanini na tatu,
mbwa hakuumia, nguzo haikuumia);
taa ya duara yenye kope ya chuma;
siti iliyoshonwa kwa uzi wa viatu;
kiki.

"Kiki ya nini, mzee? Mota unabonyeza tu, inakwenda."
"Mguu wangu haujapata habari hiyo."

Injini ikatoka kama gego:
kwanza inagoma, kisha inakuachia shimo.
Shimoni nikapanga betri, seli moja moja,
mota nikaificha kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma,
na kiki nikaiunga na swichi ndogo kama punje ya kunde.
Ukipiga inasema tik,
pikipiki inaamka bila kupiga chafya.

Kioo ndicho kilichotugombanisha.
Nilikuwa nacho kizuri, cha rangi,
kina ramani, kina joto la betri, hata simu ikiita kinajua.
Akakitazama kama aliyepewa chai iliyopoa.
"Miaka ishirini na sita nimesoma namba zinazobingirika.
Mikumi, Mapipa, Kota, nyumba kwa nyumba.
Nimeinama mbele ya mita kuliko mbele ya altare.
Ikaja LUKU, tarakimu ishirini kwenye simu,
mtu ananunua umeme akiwa kitandani.
Mimi nikapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.
Sawa. Ilinila.
Sasa inibebe."

Basi ndani ya saa yake ya zamani nikatia kioo kidogo,
nikakifundisha: namba zisiruke, zibingirike,
sita ipande polepole juu ya tano,
ikwame kidogo katikati.
Huko kukwama kulinila usiku mzima.

Ijumaa akapiga kiki. Tik.
Akangoja. Akapiga tena, ikazima.
"Ilikuwa imewaka, mzee."
"Sijasikia kitu."
"Ndivyo ilivyo."
Akalaza sikio kwenye tangi,
Gerezani nzima ikigonga mabati, majiko, mageti,
na yeye akitafuta sauti moja tu.
Mwinjuma akaweka nyundo chini.

Alirudi alasiri, vumbi hadi kwenye nyusi.
"Nimefika Magomeni. Kota zimekuwa maghorofa.
Hakuna mbwa aliyebweka, hakuna pazia lililocheza.
Ningekuwa na hii enzi zile, fundi,
ningekamata mtaa mzima na nyaya zao za wizi mkononi."
Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.
"Unajua nilikuwa nafanyaje?
Nikifika konani navuta mafuta mara mbili, vruum, vruum,
nasubiri kidogo.
Wapate muda wa kuchomoa."

Sikuwa na la kusema. Nikafuta mikono ambayo haikuwa michafu.
Injini bado ilikuwa juu ya gunia, pembeni,
ikivuja tone, ikikaa, ikivuja tone.

"Ile usiiuze," akasema.

Kisha akainama mbele ya saa, mgongo ukijua njia,
akachomoa daftari mfuko wa nyuma, akalamba ncha ya penseli.
"Sifuri, sifuri, moja, tisa..."
akangoja namba ya mwisho ikwamuke,
"...nne."
Akaandika, akapiga mstari,
akanigeuzia ukurasa
nitie sahihi, kama mwenye nyumba.