Kilo Kumi na Tisa

Ondina aliinunua kwa mjane mmoja mtaa wa San Giacomo,
euro mia tatu na arobaini, mkono kwa mkono:
kijani cha chupa, mkwaruzo ubavuni,
chaja imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Mjane akasema, Livio aliipanda mara sita tu,
kisha akanyamaza,
na Ondina hakuuliza habari za mara ya saba.

Rahisi ghali, dada yake alimwonya kwenye simu.
Ghali ni basi la saa kumi na moja alfajiri lisilokuja, alijibu.
Ghali ni magoti.

Maana hospitali ya Trieste imekaa juu na mji umekaa chini,
na katikati kuna mwinuko usiojua pole wala samahani.
Miaka ishirini na miwili anaupanda
kwenda kufua mashuka ya watu asiowajua,
mashuka yenye siri ambazo daktari husahau kuziandika.

Siku ya kwanza alibonyeza kitufe kwa ncha ya kidole,
kama mtu anayegusa pasi kuona kama imeshapata moto.
Baiskeli ikaguna.
Ikamsukuma mgongoni, taratibu,
kama mtu wa nyuma kwenye foleni anayesema: tangulia wewe, mama.
Ondina akacheka peke yake, kwa sauti,
mbele ya duka la samaki lililofungwa.

Lakini hakuna kikubebacho kisichodai kubebwa.
Ghorofa ya nne, lifti hakuna, ngazi sabini na mbili.
Anafungua bawaba, anaikunja katikati
kama barua aliyokwisha kuisoma,
usukani chini, kiti chini, pedali ndani,
kilo kumi na tisa juu ya nyonga ya kushoto.
Ghorofa ya pili anatua mlangoni kwa bwana Furlan,
ambaye husikia mnyororo ukigonga ukuta
na kufungua makusudi ili apate kusema:
Rangi! Nimepaka rangi juzi!
Na jioni njema kwako pia, husema Ondina.

Jikoni betri inakula umeme kando ya birika la kahawa.
Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.
Amesikia habari za betri zinazolipuka usiku,
basi huketi nayo kama anayemkesha mgonjwa,
akishona vifungo,
na halali mpaka taa iwe kijani.

Januari ukaja upepo wao, wanauita Bora.
Bora kuliko nini, sijui.
Labda bora kuliko wezi, maana wezi huacha kofia.
Ulilaza pikipiki barabarani kama walevi,
na baridi ikainyonya betri:
vijiti vitatu vikawa kimoja,
kimoja kikawa kumbukumbu,
na mota ikakata kauli katikati ya mwinuko.
Hapo rahisi ikadai deni lake.

Alishuka. Akasukuma. Akaitukana kwa lahaja ya bibi yake.
Kisha basi likatokea, lile lile lisilokuja,
na Ondina akafanya jambo moja ambalo vidole vyake vilishalijua:
akaikunja pale pale, upepo ukimvuta koti,
akapanda.
Dereva akasema, mizigo mikubwa hairuhusiwi.
Huyu si mzigo, akasema Ondina. Ni mgonjwa.
Nampeleka hospitali.
Mlango ukafunga. Abiria mmoja akasogeza miguu.

Aliichaji nyuma ya mashine kubwa ya kukaushia,
akaifunika shuka lililopigwa muhuri wa wodi ya wazazi,
na wenzake wakapita wakiuliza hali yake.

Jioni, mlimani anashuka bila mota, breki zikilia,
halafu zile ngazi.
Ghorofa ya pili, pale pale mnyororo hugonga,
mtu alikuwa amepigilia kipande cha zulia ukutani,
misumari minne, mmoja umepinda.
Mlango haukufunguka.
Ondina aliiegemeza baiskeli kwenye zulia,
akavuta pumzi,
akahesabu:
thelathini na sita zimebaki.