Chumba cha Baridi

Jokofu la Bujiku lilikufa mara tatu mwaka ule,
pale Igombe, sangara wakilegea macho
na fundi wa Dar akisema, "Kesho kutwa."

Mimi nilikuwa Nyakato na bahasha yangu,
vyeti vimejikunja pembe kwa kuingia na kutoka.
"Uzoefu?" Swali moja, milango saba.

Ofisi ya kazi ina dirisha lenye ufa.
Kwandu hakunipa pole.
Alifungua daftari:
huku wenye mashine wasio na mikono,
kule mikono isiyo na mashine.
Akachora mstari kwa rula.

Miezi sita ya uanagenzi:
nauli ya serikali, ugali wa Bujiku, makosa yangu.
Niliunguza kompresa nzima.
Akanuna siku mbili, kisha: "Haya, rudia."

Sisemi mstari ule umewafikia wote.
Masalu bado anatembea na bahasha.

Ila juzi, saa tisa usiku, mtambo ulikohoa
na hakuna aliyepiga simu Dar.
Iliita chini ya mto wangu.

Kulipokucha, ukuta ulikuwa na utando wa barafu.
Nikaandika kwa ukucha: Milembe, fundi.
Bujiku akalisoma.
Hakulifuta.