Tumbo Mbele, Mzigo Mgongoni

Ayikobua alisoma ukurasa mzima bila kukwama.
Nikampigia makofi,
kisha nikaona kitabu chake
kimefunguliwa kwingine kabisa.

Alikuwa amewasikia wenzake. Basi.
Sikio lake halidondoshi neno.

Kwenye daftari, baba huwa dada.
Nilishamchapa kwa hilo, mara mbili.
Nikamwita mvivu mbele ya watoto themanini,
yeye anayefungua redio za mtaa mzima, hapa Arua,
na kuzirudisha zikiongea.

Siku hizi, darasa likishafagiwa,
tunamwaga unga wa muhogo kwenye sinia.
Kidole kinatembea, kinarudi, kinatembea.
“Mwalimu Candiru, b ana mimba.
d amebeba mtoto mgongoni.”
Miaka kumi na tisa ya chaki
sikuwahi kuliona hilo.

Nimemwomba mwalimu mkuu dakika za ziada kwenye mtihani,
na mtu wa kumsomea maswali.
Amesema atafikiri.
Nitamuuliza tena Jumatatu.

Jana Ayikobua aliandika neno moja,
akalipuliza unga, akaliandika upya,
akaniinulia macho:
“Ni yeye?”

Ni yeye, nikasema.
Ni baba.