Kuni Saba

Uchovu wa kazi naujua tangu usichana:
huja jioni, hula, hulala,
alfajiri hujifunga mkanda ukaenda zake.
Huu wa sasa haujui mlango wa kutokea.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilimpa shoka;
akaliweka magotini pangu, akalikalia.

Kila wiki ya tatu, Tampere, ghorofa ya nne,
matone yanahesabika moja moja kwenye mpira.
Muuguzi Terhi alinieleza hivi:
dawa hii haipigani, Aulikki.
Inafungua mbwa wako mwenyewe,
kinga uliyozaliwa nayo,
wakamfukuze mwizi figoni.
Nao wakishafunguliwa hubweka usiku kucha,
na nyumba yenye mbwa wanaobweka hailali
hata ikizima taa.

Mwezi wa tano nilishindwa kuinua birika.
Nikajisemea ni uzee, ni Desemba,
jua linaripoti saa nne na kutoroka saa tisa.
Nilinyamaza.
Terhi hakunyamaza, akachukua damu.
Kumbe mbwa wameng'ata kuku wa nyumbani:
tezi ndogo ya kooni, imepoa
kama jiko lililosahauliwa.
Sasa kuna kidonge kabla ya kahawa.
Birika limekuwa birika tena.
Mgeni hakuondoka. Amesogea kidogo tu kwenye benchi.

"Pumzika kabla hujachoka," kasema,
nami nikacheka, nani hushiba kabla ya njaa?
Lakini niliweka hesabu nyuma ya kalenda.
Zamani kuni arobaini, bila kuvua glavu.
Sasa saba. Kisha kigoda. Kisha kutembea
mpaka sanduku la barua na kurudi,
maana kulala mchana kutwa nako kunachosha,
jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Jarkko alipokuja na mchumba wake
nilipasua kumi na tisa, kwa majivuno.
Siku mbili dari ndiyo ilikuwa dunia yangu.

Urpo hasemi kitu.
Ameweka kiti katikati ya ngazi,
akadai ni cha paka.
Hatuna paka.

Leo theluji imekauka, inalia chini ya buti.
Saba zimekwisha. Shoka bado liko mkononi,
na gogo la nane linanitazama,
jembamba, limenyooka, halina fundo hata moja.

Nimelipasua.
Terhi nitamwambia mwenyewe, Jumanne.