Bakuli Limetoboka

Wiki ya kwanza nilikuja na makaratasi ya rangi,
nyota za kubandika,
na ratiba ya furaha niliyoichora usiku kucha kwa rula.
Ilipofika saa tatu asubuhi
Mundhir ameshameza nyota mbili,
Ghaya amelia hadi akailiza safu nzima,
na kiyoyozi kinakoroma juu ya ubao
kama mjomba aliyeshiba harisi.

Chuoni hawakuniambia
kwamba penseli thelathini na moja huweza kuanguka kwa pamoja
na kila moja ikawa na wenyewe watatu;
kwamba kanzu nyeupe ya mtoto wa miaka sita
ina umri wa dakika arubaini;
kwamba jino likingʼoka katikati ya hesabu,
hesabu imekwisha.

"Darasa lako lina kelele," alisema mkaguzi,
akaandika kitu kirefu.
Bi Rahma wa chumba cha pili, miaka ishirini kazini,
alinisubiri penye birika la kahawa:
"Sauti ya kupunguza ni yako, mwanangu.
Yao itafuata."

Yaarubu alikaa dirishani,
kofia juu ya magoti, macho kwenye majabali ya Ibra.
Wiki tatu. Hakuomba maji, hakuomba ruhusa,
hakusema hata "si mimi."
Kwenye faili lake neno moja, kwa wino mwekundu:
Hazungumzi.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete,
huniwekea kokwa za tende katika kopo la maziwa.
Huziosha, huzianika juu ya paa,
na hunicheka kwa Kiswahili chetu cha jikoni:
"Umesoma kote huko, unafundishia kokwa?"

Basi Jumatatu nikachora bakuli ubaoni.
Hii ni be, nikasema, kwa Kiarabu safi cha vitabuni.
Hii ni te, tende zake mbili zi juu.
Hii ni the, mlafi, ana tatu.
Lakini be, tende yake iko wapi?
Chini!
Kwa nini chini?

Paka kaitupa, alisema Ghaya.
Bakuli limeshiba, alisema Mundhir, mjuzi wa kumeza.
Kisha kutoka dirishani,
sauti yenye kutu,
kama komeo la mlango wa wageni:

"Limetoboka."

Kwa Kiswahili.
Kiswahili cha bibi mtu, cha kulelewa mapajani,
kila silabi imekaa mahali pake.
Vichwa thelathini vikamgeukia yeye,
kisha vikanigeukia mimi.
Kasema nini, abla? Kasema nini?

Kanuni naijua: lugha ya darasa ni moja.
Na tundu pia nalijua nikiliona.

"Kweli limetoboka," nikamjibu, kwa lugha ya jikoni.
"Sasa tufanyeje?"

Alifikiri. Alivaa kofia yake, akaivua.
"Tuweke jengine chini yake."

Nikawatafsiria wenziwe. Wakaona ni akili.
Tangu siku hiyo ye, mwenye nukta mbili chini,
huitwa Aliyetoboka Mara Mbili,
na nuni, tende yake iko salama, ndiye Aliyezibwa.
Nimesikia wa darasa la pili nao wameanza.

Usidhani aligeuka chiriku.
Jumanne alirudi kwenye kimya chake na majabali yake,
na Jumatano, na Jumapili iliyofuata.
Fomu ya mkaguzi inauliza: Mbinu zilizotumika?
Nimeandika "kokwa." Mistari minne imebaki mitupu.

Ila Alhamisi, nikisahihisha madaftari sebuleni,
nililifungua lake.
Be, imepinda kidogo. Chini yake nukta.
Chini ya nukta, bakuli jingine,
kubwa, lenye kuta nene,
limeikinga.

Si herufi ya lugha yoyote niijuayo.
Nilitafuta nyota mkobani, zimekwisha zamani.
Nikachukua kalamu nyekundu,
nikaishika muda mrefu,
nikaifunika.