Weka Alama Moja Tu

Fomu inasema: weka alama moja tu.
Uuguzi. Ukunga.
Vyote nimevisomea, miaka mitatu, hapa Bombo;
kalamu nimeing'ata hadi wino umenichafua midomo.

Semhando keshachagua: wodi ya upasuaji,
abaki mjini, karibu na benki, anasema.
Baba ananikumbusha bibi yangu kule Muheza
alizalisha nusu ya kijiji bila cheti,
sasa cheti cha nini?

Juzi, zamu ya usiku,
mtoto wa Mwanakombo alitoka kimya, rangi ya zambarau.
Nikamsugua mgongo, nikamsugua,
nikasahau dua, nikasahau maswali ya mtihani.
Akapiga chafya kwanza, ndipo akalia.

Saa kumi nikaitwa wodi ya wanaume.
Mzee Kigwasu hakutaka sindano,
alitaka nimgeuze tu, autazame ukuta wa pili.
"Mikono yako inanukia mtoto," akasema,
akaishika mpaka yake ikapoa.

Leo ndiyo mwisho wa kurudisha fomu.
Semhando yuko mlangoni: umeweka wapi alama?
Namwambia ngoja,
bado nanawa.